Rimoti ya Slaidi: Kikundi Kinunue Ipi?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja)

Tumeombwa tuseme juu ya kitu kidogo sana, kinaingia mfukoni. Lakini ngojeni kwanza tuwaambie kwa nini hatukukataa.

Mwaka jana tulialikwa na kikundi kimoja cha maji kwenye mkutano wa hesabu. Mama mweka hazina alisimama mbele akisoma, na kijana mmoja alikaa kwenye laptopu akibadilisha kurasa. Mama akasema, "Endelea." Kijana akabonyeza mara mbili, na ukurasa wa gharama ya pampu ukaruka. Mzee mmoja akainuka: "Mbona ya pampu imefichwa?" Jameni! Kijana akarudi nyuma, akapita tena, watu wakapiga kelele. Risiti zote zilikuwa pale, hakuna shilingi iliyopotea, lakini mama yule alijitetea hadi jua likatua, na wengine walitaka atolewe siku hiyo hiyo. Angekuwa amejishikia rimoti mwenyewe, angefungua kila ukurasa kwa wakati wake.

Basi, rimoti yenyewe ni nini? Ni kama vibonyezo vitatu vinne vya kompyuta vilivyotolewa vikawekwa mkononi. Ukibonyeza, kompyuta inafikiri umegusa kibonyezo chake yenyewe cha kwenda mbele au kurudi. Haihitaji intaneti wala bando. Wenye umri wanakumbuka zile projekta za duara za Kodak Carousel, zilizoanza kuuzwa 1961. Nyingi rimoti yake ilikuwa na waya, na mtu akijikwaa juu ya waya ule, kazi imekwisha. Kodak waliacha kuzitengeneza 2004.

Za siku hizi ni za namna tatu. Ya kwanza hutumia mwanga usioonekana, kama rimoti ya televisheni. Hiyo ni lazima uielekeze sawasawa, na mtu akipita katikati inakataa. Msinunue. Ya pili ni ya mawimbi ya redio, huwa ya gigahatsi 2.4, na inakuja na kidude cha kuchomeka kwenye USB ya laptopu. Ya tatu ni ya Bluetooth, haina kidude, lakini inabidi kwanza iunganishwe na kompyuta, na kila ukibadilisha kompyuta unaanza upya. Vikundi vyetu huazima laptopu, leo ya mwalimu, kesho ya ofisi ya ustawi. Kwa hiyo sisi tunasema chukueni ile ya kuchomeka. Ila tazameni tundu: laptopu nyingine mpya zina tundu dogo tu la USB-C, na hapo mtahitaji kiunganishi.

Mtauliza, na simu je? Ndiyo, zipo programu za kuigeuza simu iwe rimoti. Lakini ukiwa katikati ya hesabu shemeji anapiga!

Kuhusu umbali, msidanganywe na maandishi makubwa ya pakiti. Logitech R400, ambayo wengi wanaijua, imeandikwa mita 15. Ndugu yake R800 imeandikwa mita 30. Hizo ni mita za mahali pa wazi. Miili ya watu hupunguza mawimbi, kwa sababu tumejaa maji. Mita 15 zinatosha ukumbi wa kawaida, mradi laptopu isifichwe nyuma ya umati.

Sasa leza, ile nukta ya kuonyeshea. Hapa tukae kidogo, maana tumeona watoto wakimulikana nayo machoni na wazazi wanacheka. Si mchezo. Tafuteni iliyoandikwa daraja la 2, maana yake nguvu yake haizidi miliwati 1. Isiyo na maandishi yoyote, hata kama bei ni ya chini kabisa, iacheni dukani. Na hiyo ya daraja la 2 pia isielekezwe usoni mwa mtu. Nukta ya kijani huonekana vizuri kuliko nyekundu hata nguvu zikiwa sawa. Lakini mkionyesha kwenye televisheni badala ya ukuta, nukta hupotea kwenye kioo, basi msilipie zaidi kwa ajili yake. Fimbo ya mwanzi inafanya kazi.

Muulizeni mwenye duka kama kuna kibonyezo cha kufanya ukuta uwe mweusi. Wengi hawakijui. Mwanachama akiuliza swali, unazima picha, macho yote yanakurudia wewe, mnazungumza. Ukimaliza unabonyeza tena.

Juu ya betri hatukukubaliana hata sisi wenyewe. Wengine wanapenda ya kuchaji. Logitech Spotlight, kwa mfano, ikichajiwa dakika 1 inafanya kazi saa 3. Lakini wengi wetu tuliona afadhali ile ya mawe madogo ya AAA, kwa sababu stima ikipotea tangu jana, mawe yapo dukani kwa jirani. Mkiiweka muda mrefu, toeni mawe yasije yakavuja.

Mkienda kununua, bebeni laptopu. Chomekeni, tembeeni hadi mlangoni, mbonyeze mara kumi, mhesabu kurasa kumi. Ikiruka hata moja, irudisheni. Risiti iandikwe jina la kikundi. Na kile kidude cha kuchomeka, kidogo kama ukucha, kiandikwe kwenye rejista ya mali pamoja na rimoti, maana kikipotea mara nyingi rimoti haina kazi tena. Nyingi zina kishimo tumboni cha kukihifadhia. Mtu mmoja akabidhiwe, na mkutano ukiisha akirudishe mle watu wakiona.

Tumekuja na mbili hapa. Zipitisheni mkono kwa mkono, akina mama waanze. Na ile nukta, tafadhali, ukutani tu.