Vifaa vya Kuchorea Visivyochafua kwa Watoto Wadogo

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali



Mwezi wa Juni, huku milimani Umatengo, shati la mtoto lililofuliwa asubuhi huweza kulala na unyevu hadi kesho yake. Maji yenyewe mara nyingi yametekwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa. Katika hali hiyo, mama anayemnyang'anya mtoto wa miaka mitatu kipande cha mkaa si adui wa elimu. Anapiga hesabu ya ndoo na mche wa sabuni. Ndiyo maana suala la vifaa visivyochafua, ambalo wengine huliona la anasa, lina uzito wake hapa. Kifaa kikichafua, mtoto hukatazwa kuchora, na aliyekatazwa nyumbani huenda akafika darasa la awali akiwa hajawahi kushika kitu cha kuandikia.

Kuchora kuna kazi yake. Mtoto wa miaka miwili hushika kalamu kwa ngumi nzima na kuisukuma kwa mkono wote. Anapofikia miaka mitatu huanza kuweza kufunga duara. Karibu na minne, duara hilo huota miguu na kuitwa baba. Vidole vinavyojifunza hapo ndivyo vitakavyoandika baadaye. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeuweka ujifunzaji wa awali bega kwa bega na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kwa hiyo, kabla ya bei, kifaa cha kuchorea hupimwa kwa maswali mawili: kitagharimu maji kiasi gani, na kikiingia kinywani itakuwaje? Hilo la pili si la kubahatisha, maana kinywani kitaingia.

Kifaa safi kuliko vyote ni maji yenyewe. Kikombe kimoja, brashi au kijiti kilichopondwa ncha mfano wa mswaki, na jiwe au sakafu ya saruji iliyopata jua, vyatosha. Alama ya maji huonekana nyeusi juu ya jiwe, hukauka, hutoweka, na mtoto huanza upya bila mtu kufua chochote. Mwambaoni, Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, ambako jua ni kali, mchoro haumalizi hata dakika chache. Watoto hawahuzuniki, wao hupenda kuchora kuliko kuwa na mchoro.

Mchanga nao hufaa, ukitandazwa katika sinia pana na kuchorwa kwa kidole. Uchotwe mahali pakavu, uchekechwe, uanikwe juani, na usiku ufunikwe ili paka na kuku wasiuchafue. Mtoto asipelekwe kufinyanga udongo ukingoni mwa ziwa, penye maji yaliyotulia na majani, kwa kuwa konokono wa hapo huweza kubeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi hata kama mtoto hakunywa tone.

Kwa vitu vya dukani, krayoni za nta na penseli za rangi hutangulia. Hazimwagiki, hazikauki, wala hazihitaji maji. Krayoni nene ni bora kuliko nyembamba, kwa sababu huendana na ngumi na hazikatiki ovyo. Kipande kinachoweza kuingia chote kinywani kiondolewe, maana humkaba mtoto. Chaki hufutika kwa kitambaa chenye unyevu, lakini itumike nje, kwa ajili ya vumbi lake. Maka peni ndizo zenye hila: zipo zinazotoka kwa maji baridi, na zipo zisizotoka abadani, na kwa nje hufanana. Mnunuzi na achore mstari juu ya kitambaa kikuukuu, aache hadi kesho, kisha afue kwa sabuni ya kawaida. Wazazi watano wakinunua pakiti moja kwa majaribio, hasara ni ndogo. Kwenye kifungashio watafute umri uliotajwa, maneno ya kutokuwa na sumu, na alama kama EN 71, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea. Pakiti isiyo na maandishi yoyote iachwe dukani.

Mkoa huu una jina kubwa katika uchoraji. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na mtindo wake ukaenea duniani. Rangi zile ni za watu wazima. Hazitoki kwa maji, huyeyushwa kwa vimiminika vyenye mvuke mkali, na rangi za namna hiyo zimewahi kutiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mabaki ya rangi ya mlango au mtumbwi yasiingie katika kikapu cha michoro.

Kubwa kuliko hayo ni betri. Desturi ya kuvunja betri kavu za redio na tochi, kutumia unga wake kupaka ubao mweusi na kijiti chake kuchorea, ni ya siku nyingi, na walioizoea huiona haina neno. Unga ule una manganizi na chumvi kali. Huwasha kinywa na ngozi, na manganizi ikivutwa kwa muda mrefu huathiri mishipa ya fahamu. Mkaa wa jikoni ni salama kuliko huo, ingawa huchafua. Afadhali kufua shati.

Katika kaya za kahawa ipo hatari ya namna yake. Dawa za shaba zinazopigwa kukinga chulebuni huwa na rangi ya buluu au kijani inayomvutia mtoto kuliko krayoni yoyote. Zifungiwe mbali na watoto, na kopo lililokuwa na kiuatilifu lisigeuzwe kikombe cha maji ya kuchorea, hata likioshwa mara kumi.

Mtoto akimeza rangi isiyojulikana, unga wa betri au kiuatilifu, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa kubahatisha. Kinywa kipanguswe, naye apelekwe mara moja katika zahanati iliyo karibu pamoja na kifungashio au kipande cha kitu chenyewe, ili mganga ajue anachokitibu.