Nitaanza Jumatatu



Katika miaka yangu ya kazi ya saikolojia ya afya, kauli niliyoisikia kuliko zote ni fupi: "Nitaanza Jumatatu." Anayeisema si mvivu. Ni mtu ambaye jana alikula kwa mpango, leo asubuhi akanywa chai bila sukari, mchana akapita kwenye kisomo cha jirani na kula sahani moja ya pilau. Kosa, kama ni kosa, ni hiyo sahani moja. Lakini moyoni anajiambia siku imeshaharibika, na siku iliyoharibika hailindwi. Inafuata sahani ya pili, jioni chapati na soda, na kwa kuwa leo ni Jumatano, zimebaki siku nne nzima za kula kabla ya hiyo Jumatatu.

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliutega mtego huu mezani kwa wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Wasichana waliambiwa wamekuja kuonja vyakula. Wengine walinyweshwa kwanza milkisheki moja, wengine mbili, wengine hawakupewa kitu. Kisha wote wakawekewa aiskrimu, kila mmoja ale apendavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima walifanya lililotarajiwa: aliyekwisha kunywa alikula kidogo. Wanaojinyima walifanya kinyume. Waliokunywa ndio waliokula zaidi. Tumbo lilishapata chake. Kilichovunjika ni mwiko, na mwiko ukishavunjika haubakizi cha kulinda.

Tumezoea kusema anayerudisha kilo hana nia. Mimi naona wengi wao wana nia ya kupindukia, ila ni nia ya mwiko.

Sisemi kwamba yote yako kichwani. Mwaka 1944 na 1945 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha vijana 36 wenye afya chakula pungufu kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao walilamba sahani, wakaota chakula usiku, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya. Hawakuwa walafi kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu akinijia baada ya miezi miwili ya maji ya ndimu na matango, akaniambia mchana kutwa anawaza maandazi, namwambia akili yake ni nzima kabisa, inafanya kazi yake.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanywa Rhode Island na Rena Wing na wenzake, likachapishwa mwaka 2006. Hawakutafuta watu wa kupunguza. Walichukua watu 314 waliokwisha kupungua, kwa wastani kilo 19, wakajiuliza: watabakije hapo? Waliofundishwa waliambiwa wapande mizani kila siku na kuisoma namba kama taa za barabarani. Ongezeko likiwa chini ya kilo moja na nusu hivi, ni kijani. Likizidi hapo ni manjano: tazama nini kimebadilika wiki hii. Likifika kilo mbili na robo ni nyekundu: zirudie mbinu zilizokupunguza. Baada ya miezi 18, waliorudisha kiasi hicho au zaidi walikuwa asilimia 72 ya wale waliotumiwa jarida tu, na asilimia 46 ya wale waliofundishwa ana kwa ana. Si muujiza, karibu nusu walirudisha hata hivyo. Lakini itazameni taa ya manjano. Mtu wa Jumatatu hana manjano. Ana kijani na nyekundu basi, na kutoka moja hadi nyingine ni sahani moja ya pilau.

Kwetu kuna jingine ambalo Rhode Island hawakulazimika kulifikiria. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwe Kagera mwaka 1983, na jirani zetu wa Uganda kuuita ugonjwa huo "Slim", kukonda kumekuwa habari ya mtaa. Mimi mwenyewe nilipopunguza kilo 11, shangazi yangu alinivuta jikoni, akarudishia mlango, akaninong'oneza: "Baba, umeshapima?" Wiki iliyofuata nikaletewa samli na mkungu wa ndizi. Nilikula, nani angekataa? Kilo nne zikarudi kabla samli haijaisha.

Mama mmoja muuza vitenge aliniambia anakula chipsi mayai hadharani, mbele ya duka lake, ili wateja wamwone anakula. Nyumbani hazigusi. Kwake hesabu ya sukari na mafuta haikuwa na maana kabla hatujalishughulikia jicho la mtaa. Tulikaa tukatunga jibu, tukalifanyia mazoezi kama mchezo wa kuigiza, mimi nikiwa jirani mbea: "Ee, nimepungua. Daktari kaniambia nipungue, presha ilipanda." Alilisema mara tano mpaka likatoka bila kigugumizi. Daktari ni kinga nzuri; hakuna anayebishana naye kibarazani.

Naambiwa ukumbi wa pembeni kuna sambusa na juisi ya ukwaju. Nimepanga kula mbili. Mkiniona na ya tatu, msinihurumie. Kesho ni Alhamisi, na mizani yangu iko palepale chini ya kitanda.