Bunge Huanzia Mlangoni

Hotuba kwa wahudumu wa kujitolea wa Kongamano la Bunge la Vijana, iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya maandalizi

Ndugu zetu vijana mliokubali kujitolea, wazee na kina mama wa kanisa mliotufungulia ukumbi huu, wanaharakati wenzetu, mabibi na mabwana:

Twawakaribisheni kwa niaba ya kamati, na hasa nyinyi vijana mliofika mapema kuliko wajumbe na mapema kuliko wageni wa heshima. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini leo hatuwapokei kama wageni. Twawapokea kama wenyeji wenzetu, kwa maana wajumbe watakapowasili kesho kutwa, uso wa kwanza watakaouona utakuwa wenu, wala hautakuwa wetu.

Ni desturi ya hotuba kama hizi kuwasifu wanaojitolea, kuwaita uti wa mgongo, kuwapa fulana, kisha kuwasahau. Sisi twataka kuwaambia jambo moja tu, na kulithibitisha kwa historia ya nchi yetu na kwa sheria iliyopo. Jambo lenyewe ni hili: bunge halijengwi kwa ufasaha wa wasemaji. Hujengwa kwa mambo manne ambayo wengi huyaona madogo, nayo ni mlango, orodha, hesabu na kumbukumbu. Nani aingie, nani aandikwe, kura zihesabiwe vipi, na yaliyosemwa yahifadhiwe wapi. Mambo hayo yote manne yamo mikononi mwenu.

Nchi ilivyonyang'anywa sauti

Sisi tunaosema nanyi tumeshapita umri wa miaka arobaini. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurejeshwa kwa mfumo huo ulipofanyika Desemba 1992, tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Tuliyoyajua tuliyasikia kwa wazazi wetu waliozungumza kwa sauti ya chini. Baadaye tulipokwenda chuoni kusomea sheria, tuliyasoma yale yale vitabuni, tukaelewa kwa nini walikuwa wakinong'ona.

Mwaka 1982 Katiba ilitiwa Kifungu cha 2A, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo. Katika mchujo wa chama, wapiga kura walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mtu waliyemtaka, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Makanisa yalikuwa yameupinga utaratibu huo tangu 1986, yakisema kuwa si haki kumlazimisha mtu amtangaze anayemchagua mbele ya chifu wake, mwajiri wake na jirani yake. Hayakusikizwa. Foleni zikapangwa, na katika sehemu nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu.

Tafakarini jambo hilo. Bunge lililotokana na mlolongo halikukosa wasemaji. Siwa ilibebwa, Spika alikalia kiti chake, miswada ikasomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kilichokosekana ni hesabu ya kweli huku nje, uwanjani, mikononi mwa watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia. Karani mmoja akihesabu uongo, bunge zima ni uongo.

Hata mlango ulikuwa na mwenyewe. Hadi 1997, aliyetaka kuitisha mkutano wa hadhara alihitaji leseni ya serikali, na leseni hiyo ilitolewa kwa upendeleo. Ndiyo maana milango ya makanisa ilikuwa na thamani kubwa katika miaka ile. Mwaka 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipotimuliwa kwa nguvu kutoka Uhuru Park, walipewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa hilo hilo na kuwapiga watu waliokuwa wamekusanyika kudai mageuzi. Kabla ya mwaka huo kwisha, sheria ilirekebishwa. Leseni ikaondolewa, na badala yake ikawekwa taarifa kwa polisi, isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla ya mkutano. Basi ukimfungulia mtu mlango wa ukumbi huu, ukumbuke kuwa wako waliopigwa ndipo mlango huo ukafunguka.

Yaliyomo katika Katiba

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na asiyefikisha 35. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki katika siasa, jamii na uchumi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge maombi.

Maneno hayo ni mazuri. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024 tuliona umbali uliopo kati ya maneno na mlango. Vijana kwa maelfu waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Walikuwa wamesoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana simuni. Wabunge wakaupitisha. Baadhi ya waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kuwa hatautia sahihi. Katika miezi iliyofuata, vijana kadhaa walitekwa nyara kwa sababu ya waliyoyasema au kuyaandika.

Hatusemi hayo ili kuwachochea, wala ili kuwatisha. Twayasema kwa sababu wajumbe wanaokuja kesho kutwa wanatoka katika mwaka huo. Wengine walizika marafiki. Wengine hawaamini tena ukumbi wowote wenye jukwaa na maikrofoni, nao wana sababu. Mkiwapokea vibaya, mtawathibitishia kwamba milango yote ni mamoja.

Kazi zenu nne

Kwanza, mlango. Kila mjumbe aliyealikwa ataingia, awe amevaa suti au kandambili. Asiulizwe jina la ukoo wala kabila. Anayetumia kiti cha magurudumu asibebwe juujuu kama gunia. Mbao za mteremko zimewekwa upande wa jikoni, na nyinyi ndio mtakaohakikisha kwamba hakuna gari lililoegeshwa mbele yake.

Pili, orodha. Daftari la mahudhurio ni amana. Lina jina la mtu, mahali atokapo na nambari ya simu yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatubana sote tuitunze habari hiyo na kuitumia kwa kazi iliyokusudiwa tu. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mwajua wenyewe orodha inaweza kufanya nini ikianguka katika mikono mibaya. Daftari halitapigwa picha. Halitaachwa mezani wakati wa chai. Yeyote atakayeliomba, hata akisema ametumwa na sisi, mwelekezeni kwa katibu.

Tatu, hesabu. Bunge la Taifa haliwezi kuendelea na shughuli pasipo akidi ya wabunge 50, na Seneti pasipo 15. Sisi tumeweka akidi ya theluthi moja ya wajumbe walioandikishwa. Msitutazame usoni mnapohesabu. Wakipungua, semeni wamepungua, hata kama mgeni wa heshima amekwisha kusimama. Kura zihesabiwe na wawili wasiotoka upande mmoja, na idadi itangazwe kama ilivyo.

Nne, kumbukumbu. Hapa yatupasa kuungama. Miaka michache iliyopita tuliandaa mkutano wa vijana, na sisi mawakili tukaandika maazimio usiku wa kuamkia mkutano, kwa Kiingereza kizuri. Wajumbe walipofika, binti mmoja alisimama akauliza: ikiwa maazimio yamekwisha kuandikwa, wao wameitwa kufanya nini? Hatukuwa na jibu. Tulicheka kidogo, tukasonga mbele. Maneno ya binti huyo hayamo katika taarifa ya mkutano ule, kwa kuwa hatukumweka mtu wa kuyaandika. Tunayakumbuka kwa aibu tu. Safari hii mtaandika kila hoja kwa lugha iliyosemwa. Lugha rasmi za Bunge letu ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hivyo wakalimani wa ishara watakaa mbele, penye mwanga, wala hawatasukumwa pembeni ili kamera ipate nafasi.

Chakula na masharti yake

Ndugu zetu wa kanisa watakumbuka habari iliyomo katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Kanisa la kwanza liliingiwa na manung'uniko, kwa kuwa wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Kwa lugha yetu ya leo twaweza kusema ulikuwa ukabila wa sahani. Mitume hawakulidharau jambo hilo. Walitaka wateuliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie huduma hiyo. Mmoja wao alikuwa Stefano, ambaye baadaye aliuawa kwa ajili ya ushuhuda wake. Alianza kwa kuhudumu mezani.

Nasi tulijaribiwa mezani. Majuma matatu yaliyopita, mwanasiasa mmoja alitutumia mjumbe. Alikuwa tayari kulipia chakula cha siku zote mbili, mabasi na fulana. Masharti yalikuwa mawili, naye mjumbe aliyataja kwa upole: bwana wake afungue kongamano kwa hotuba, na apewe nakala ya orodha ya wajumbe pamoja na nambari zao za simu. Kamati ilijadiliana hadi usiku. Tulikuwa na pengo katika hesabu zetu, na baadhi yetu, tusifiche, tuliona kwamba chakula ni chakula. Mwishowe tulikataa kwa tofauti ya kura mbili. Ndiyo maana siku ya pili mtakula githeri itakayopikwa na kina mama wa usharika huu, na wanaoishi karibu watakuja kwa miguu.

Twawaeleza haya kwa kuwa mtakayokataa nyinyi huenda yakawa madogo zaidi, na kwa hiyo magumu zaidi kuyakataa: noti iliyokunjwa mlangoni ili fulani asogezwe mbele, au ahadi ya kazi ili daftari liachwe wazi dakika tano. Wazee wetu waliona mwaka 1992 jinsi kikundi cha vijana wa chama tawala, YK'92, kilivyomwaga fedha nchini. Kijana akanunuliwa leo, kesho akatupwa. Msikubali kurithi kazi hiyo.

Deni letu kwenu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia kwamba mkono mtupu haulambwi. Twazijua methali zote mbili, wala hatutaitumia ya kwanza kuifunika ya pili. Kifungu kile kile cha 55 kinachowapa vijana haki ya kushiriki kinawakinga pia dhidi ya unyonyaji. Wengi wenu mmezungushwa miaka katika ofisi za watu, mkifanya kazi bila malipo kwa jina la kupata uzoefu. Hatutaki kuwa ofisi nyingine ya namna hiyo.

Basi haya ndiyo tuliyowaahidi, nanyi mtudai. Nauli ya kuja na kurudi italipwa kila jioni, si mwisho wa kongamano. Mtakula wakati mmoja na wajumbe, chakula kile kile. Hakuna binti wala kijana atakayeachwa kufunga ukumbi peke yake usiku. Kila mmoja atapata barua iliyotaja kazi aliyoifanya hasa. Na baada ya wageni kuondoka, mtaketi nasi kutukosoa, na maneno yenu yataandikwa katika taarifa. Anayeona kwamba mzigo huu hauwezi, kwa sababu ya mtihani, mgonjwa nyumbani au hofu, aseme leo. Ataondoka na heshima yake, nasi tutamshukuru.

Ndugu zetu, kesho kutwa asubuhi tutawakabidhi funguo mbili za mlango na daftari moja lenye kurasa tupu. Baadhi yetu tulifundishwa kwamba mamlaka ni kukaa mbele. Katiba, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Na mwananchi wa kwanza atakayefika hapa, akiwa na vumbi la safari na wasiwasi wake, atakutana nanyi kabla ya kukutana na mwingine yeyote. Mwandikeni jina lake vizuri. Muulizeni linavyoandikwa, msikisie.