Deni la Georgetown

Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, huhesabu umri wake tangu 1789. Karibu nusu karne baadaye kilikuwa hoi kwa madeni. Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland, wakiongozwa na Thomas Mulledy aliyewahi kuwa mkuu wa chuo hicho, waliuza watu 272 waliokuwa watumwa wao, watoto wakiwamo, wapelekwe kwenye mashamba ya Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000. Sehemu ya fedha hizo ikalipia madeni ya chuo.

Jengo moja likapewa jina la Mulledy.

Wanafunzi walipogoma kunyamaza mwaka 2015, jina hilo liliondolewa, na mwaka 2017 jengo likaitwa Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kuorodheshwa kwenye hati ya mauzo. Chuo kikaomba radhi, kikaahidi kuwapa wazao wa watu hao upendeleo wa udahili uleule wanaopewa watoto wa waliosoma hapo. Ahadi rahisi, mtu anaweza kusema: haimsaidii mzao asiyetaka kusoma Georgetown.

Wanafunzi ndio walioingiza mkono mfukoni. Mwaka 2019 walipiga kura, na takriban theluthi mbili wakakubali kila mmoja atozwe dola 27.20 kwa muhula kwa ajili ya wazao hao. Lakini kura hiyo haikuwa na nguvu ya kuwafunga wakuu wa chuo. Badala ya ada, uongozi ulichagua kuchangisha takriban dola 400,000 kwa mwaka, tena kwa michango ya hiari.