Ada ya Mjomba

Kijana wa Mangobo, kule Kisangani, anaona tangazo kwenye simu: kazi ya nyumbani, saa mbili kwa siku, malipo ya dola. Kimebaki kitu kimoja tu, ada ya usajili. Hana, basi anamwandikia mjomba aliyeko Poto, yaani Ulaya. Wajomba wenyewe ndio waliojaa ukumbini humu.

Ada ya namna hiyo si mpya. Kampuni ya TelexFree ilikuwa Marlborough, Massachusetts, Marekani. Mtu alilipa dola 289, au 1,375 kwa kifurushi kikubwa, kisha kila siku akabandika matangazo mafupi kwenye intaneti. Kazi yote ndiyo hiyo! Faida ya waliotangulia ilitoka kwenye ada za waliofuata. Ilienea sana kwa wahamiaji wa Brazil na Jamhuri ya Dominika, watu wanaoaminiana, kila mmoja akimvuta ndugu yake. Aprili 2014 ikafilisika. Machi 2017 mmoja wa wakuu wake, James Merrill, akafungwa miaka sita.

Wazee wanaikumbuka Bindo ya Kinshasa, mchezo wa upatu ulioanguka 1991. Bindo angalau haikumwita mtu mfanyakazi.

Siku hizi kazi ni kupenda video au kuzipa bidhaa nyota. Mwanzoni dola chache zinalipwa kweli, na hapo ndipo mtego ulipo: salio linakua kwenye skrini, halafu kijana anaambiwa aongeze pesa zake ili alifungue. FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ilipokea malalamiko ya aina hiyo kama 5,000 mwaka mzima wa 2023. Nusu ya kwanza ya 2024 pekee yalifika kama 20,000.

Kabla ya kutuma chochote, mjomba aulize mkataba uko wapi, na kwa nini ada inakwenda kwenye namba ya M-Pesa au Airtel Money ya mtu binafsi. Akiletewa cheti cha RCCM, rejista ya biashara, asitulie upesi: kinaonyesha kampuni imeandikishwa, hakionyeshi kazi. TelexFree nayo ilikuwa imeandikishwa.

Kijana atajibu kwamba rafiki yake ameshalipwa. Huenda ni kweli. Aulizwe basi rafiki huyo aliweka kiasi gani kwanza, na ameingiza watu wangapi.