Mtunza Sanduku Hashiki Funguo



Juma hili napenda tuzungumze juu ya seva, yaani zile kompyuta zinazotunza habari zetu. Mzazi wa Nyakasimbi, huku Karagwe, anayetazama matokeo ya NECTA ya mwanawe kwenye simu, huletewa na seva. Akaunti ya benki ya mkulima wa kahawa nayo imo katika seva. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi wa mjini peke yao.

Katika seva nyingi yupo mtumiaji mkuu, ambaye mafundi humwita ruti. Yeye aweza kusoma kila faili, kubadili kila neno la siri na kufuta chochote. Mafundi wengi siku hizi huendesha seva kwa kubonyeza ukurasa wa tovuti, na programu iliyo nyuma ya ukurasa huo hutenda kazi. Ni rahisi, sikatai. Lakini programu hiyo ikiwa na uwezo wote wa ruti, tundu dogo ndani yake humpa mwizi nyumba nzima.

Hayo yamekwisha kutokea. Webmin ni programu ya namna hiyo, iliyoanzishwa na Jamie Cameron mwaka 1997. Mwezi Aprili 2018 mhalifu aliingia katika mashine ya kuitengenezea, akapachika maneno machache ya hila. Aliyeweka toleo la 1.890 aliweza kuamriwa seva yake na mtu wa mbali asiye na neno la siri, tena kwa uwezo wa ruti. Tundu hilo lilizibwa Agosti 2019, katika toleo la 1.930.

Tufanyeje basi? Tazameni sanduku la VICOBA. Katika vikundi vingi lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, wala si mtunza sanduku. Hii si kwa sababu wanachama wanamshuku. Wanajua tu kwamba akivamiwa usiku, hana ufunguo wa kunyang'anywa.

Seva nayo itunzwe hivyo. Kwanza, programu ya ukurasa iendeshwe kwa jina la mtumiaji mnyonge. Kazi chache zinazohitaji ruti ziorodheshwe moja moja katika sudo, na huyo mnyonge asiweze kuzibadili programu zilizoorodheshwa. La sivyo atajiandikia amri apendayo. Pili, kila neno linaloandikwa ukurasani likaguliwe kabla halijawa amri. Likija na alama ngeni, likataliwe. Tatu, ukurasa huo usiachwe wazi kwa dunia nzima, bali ufikiwe kutoka mtandao wa ofisi tu. Nne, kumbukumbu za yaliyotendwa zipelekwe kwenye mashine nyingine, maana mwenye uwezo wa ruti aweza kufuta nyayo zake.

Ndugu zangu viongozi wa ushirika, wa shule na wa zahanati, fundi atakapowaletea mfumo mpya, msiulize bei peke yake. Mwulizeni: programu ya ukurasa huu inaendeshwa kwa jina la nani? Akiwajibu kuwa ni ruti, kwa kuwa ndivyo ilivyo rahisi, msitie sahihi. Mwambieni akarekebishe kwanza.