Mgogoro Huanzia Mdomoni, Huishia kwenye Hundi

Mada kwa semina ya wasimamizi wa kazi, maafisa utumishi na viongozi wa matawi



Ukilifungua jalada la mgogoro lililofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utakutana na fedha: malimbikizo ya mshahara, likizo isiyolipwa, ovataimu, malipo ya notisi. Mwulize mlalamikaji mwenyewe, pale nje kwenye benchi, kilichomleta. Mara nyingi ataanza na "alinidhalilisha mbele ya wenzangu", fedha zitafuata baadaye. Ninachotaka kusema leo ni kwamba migogoro mingi ya kazini huanza kama madai ya heshima, ikageuka madai ya fedha kadiri inavyopanda ngazi. Tukiisubiri huko juu, tunalipa deni ambalo siyo tulilokopa.

Jambo hili si geni nchini Tanzania. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa Februari 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma kwa makini kuliko mameneja wao. Ikafuata migomo mpaka 1973, na malalamiko mengi hayakuhusu nyongeza ya mshahara bali lugha chafu na ubabe wa wakubwa. Mameneja walifungiwa nje ya mageti. Katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi walimwondoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Sheria ya wakati huo ilikwishaweka njia rasmi ya kupeleka migogoro ya kazi kwenye baraza la kudumu tangu 1967, lakini njia hiyo haikuwa na mahali pa kupokea tusi.

Sasa tuseme kuna ghala, watu arobaini, zamu tatu. Mpakiaji mmoja anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Supavaiza, akiwa na ratiba mkononi na lori getini, anamjibu mbele ya zamu nzima: "Wewe kila wiki unafiwa?" Watu wanacheka. Ruhusa anapewa. Kwa supavaiza jambo limekwisha, tena anajiona mwungwana kwa kuwa hakukataa.

Mpakiaji akirudi ni mtu mwingine. Salamu zimekuwa fupi. Chai anakunywa na kundi jingine. Akitumwa nje ya majukumu yake anauliza, "Hiyo iko kwenye mkataba wangu?" Supavaiza naye anaanza kuandika dakika za kuchelewa ambazo za wengine hazioni. Hapa majungu yanafanya kazi yake: kila upande una mpeleka habari. Miezi miwili baadaye inatoka barua ya onyo, halafu barua ya kutakiwa kujieleza. Afisa utumishi, ambaye siku ya msiba alikuwa ofisini kwake, analiona suala la nidhamu tu, kwa sababu karatasi alizonazo ni za nidhamu. Mpakiaji anafukuzwa kazi. Ndipo anapolifikia tawi la chama cha wafanyakazi, na tawi linafanya linalolijua: linahesabu siku za likizo. Lile neno la msiba halipo popote.

Nisieleweke vibaya kuhusu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zimejengwa vizuri. Mwajiri anatakiwa aonyeshe sababu halali na utaratibu wa haki. Mtuhumiwa kwa kawaida apewe walau saa 48 kujiandaa, aweze kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio. Wengi wetu tunaanguka hapo mwisho: supavaiza aliyegombana na mtu ndiye anayekalia kiti, kisha tunashangaa uamuzi unapotenguliwa.

Sheria imeacha pia mlango mwembamba kwa aliyedhalilishwa. Mfanyakazi akilazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, hilo huhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila kanuni inatazama kwanza kama alitumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kuziacha. Basi tujiulize hizo njia zetu zikoje. Sanduku la maoni, ufunguo anao nani? Kamati ya malalamiko ambayo katibu wake ni shemeji ya meneja, nani atapeleka neno kule?

Jambo moja la tarehe, kwa viongozi wa matawi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60. Mwajiri akisema "tunazungumza, subirini", siku hazisimami. Siku hizo zikishapita mtakuwa mnaomba kuongezewa muda badala ya kujadili haki ya mtu. Kwenye usuluhishi nako, msuluhishi hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote kukubali suluhu. Mwajiri anayetuma karani asiye na ruhusa ya kukubali chochote amekuja kupoteza muda wa watu.

Kwa maoni yangu nafasi nzuri ya suluhu ni ile wiki ya kwanza, kabla ya karatasi. Msimamizi amkosoe mtu faraghani. Akimvunjia heshima mbele ya zamu, amwombe radhi mbele ya zamu hiyohiyo. Radhi ya ofisini, mlango umefungwa, haifuti kicheko cha watu arobaini. Pale ambapo wawili hawasemezani, atumwe mtu mzima wa idara ambaye wote wanamstahi, hata kama hana cheo. Maeneo mengi ya kazi yana mzee wa namna hiyo na hayamtumii.

Njia hiyo ina mpaka. Malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia yasipelekwe kwa wazee wa idara yakamalizwe kwa chai. Mlalamikaji ataambiwa asamehe, na mkosaji atabaki na zamu yake ya usiku. Hayo yaandikwe, yachunguzwe na mtu asiye wa idara hiyo, na mlalamikiwa aondolewe kwenye ratiba ya mlalamikaji tangu siku ya kwanza.

Kwa kazi ya vikundi, kila meza ichukue barua moja ya onyo iliyowahi kutolewa kwenu, majina yafutwe. Rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka mlifikie neno la kwanza lililosemwa, nani alilisema na nani walikuwepo. Kisha andikeni nani angeweza kuingilia siku ile, na kwa nini hakuingilia. Tutakutana tena hapa baada ya chakula cha mchana.